Samadi ni Mali Shambani, ni Mzigo Majini

Somo kuhusu mabaki ya viumbehai yaliyoyeyuka katika maji na udongo

Mvua za kwanza za vuli zinyeshapo baada ya kiangazi kirefu, maji ya malambo, vijito na visima vifupi hubadilika. Tope likituama na maji yakachujwa kwa kitambaa safi, bado hubaki na rangi ya manjano au hudhurungi, mithili ya chai ya rangi iliyopoa. Wapo wanaodhani kuwa hilo ni tope lililosalia, wapo wanaodhani ni sumu, na wapo wanaoongeza dawa ya maji bila kipimo wakitumaini kuwa rangi itaondoka. Dhana zote tatu zina kasoro, na kila moja yaweza kumgharimu mwananchi afya yake, samaki wake au rutuba ya shamba lake.

Somo hili linaeleza rangi hiyo ni nini, inatoka wapi, iliwahi kusababisha nini katika Mkoa wa Mara, na mkazi wa Kata ya Nyasura anaweza kufanya nini, kuanzia zizini hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

KITU KISICHONASWA NA KITAMBAA

Mfano ulio karibu zaidi umo jikoni. Majani ya chai yakitiwa katika maji ya moto, sehemu yake huachana na jani na kuingia majini. Chai ikipitishwa kwenye kichujio, majani hubaki juu, lakini rangi, harufu na ladha hupita na kushuka kikombeni. Kilichopita ni sehemu ya mmea iliyoyeyuka. Ndivyo ilivyo katika mazingira. Jani lililoanguka, mzizi uliokufa, kinyesi cha ng'ombe, mzoga wa mnyama na gugu maji linalooza, vyote huloweka majini na kutoa chembechembe ndogo mno. Wataalamu huziita mata ogania iliyoyeyuka. Katika somo hili zitaitwa mabaki yaliyoyeyuka.

Maabara zina mpaka wa kutenganisha kilichoyeyuka na kisichoyeyuka. Maji hupitishwa katika kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, yaani madogo zaidi ya mara 100 kuliko unene wa unywele wa binadamu. Kinachopita hapo huhesabiwa kuwa kimeyeyuka. Ndiyo sababu kitambaa, hata kikikunjwa mara nne, hakiwezi kuiondoa rangi hiyo. Kitambaa hunasa mchanga, wadudu na vipande vya majani. Mabaki yaliyoyeyuka hupita kana kwamba hakuna kizuizi.

Rangi peke yake si sumu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upo Mto Ruki, unaomwaga maji yake katika Mto Kongo karibu na mji wa Mbandaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliutaja kuwa miongoni mwa mito yenye maji meusi zaidi duniani, na weusi huo unatokana na majani na miti inayooza katika misitu iliyofurika maji. Hakuna kiwanda kilichoutia rangi. Kwa hiyo maji meusi hayathibitishi kuwa kuna aliyetia sumu, na maji meupe hayathibitishi kuwa ni salama. Jambo la kuuliza ni mabaki hayo ni mengi kiasi gani, yametoka wapi, na yanafanya nini yakiwa majini.

UDONGO NDIO GHALA

Chanzo kikubwa cha mabaki yaliyoyeyuka ni udongo. Kila msimu mimea huuachia udongo majani, mabua na mizizi. Minyoo, mchwa, kuvu na bakteria huvimega vitu hivyo. Sehemu huondoka hewani kama hewa ya ukaa, sehemu hubaki kama mboji nyeusi, na sehemu huyeyuka katika unyevu wa udongo. Hiyo iliyoyeyuka ndiyo chakula chepesi cha bakteria wa udongoni, ambao kazi yao huachia naitrojeni na fosforasi zinazohitajiwa na mahindi, mtama, mihogo na pamba. Shamba lisilo na mabaki hayo ni kama nyumba isiyo na akiba: linaishi kwa mvua ya siku hiyo tu.

Mvua ikinyesha kwa kiasi, maji huzama taratibu na kubeba mabaki hayo kwenda chini. Njiani hukutana na mfinyanzi na madini ya chuma, ambayo huyashika mabaki na kuyazuia. Hii ni sababu mojawapo ya maji ya visima virefu kuwa maangavu mara nyingi kuliko maji ya lambo: yamechujwa na ardhi yenyewe kwa muda mrefu. Mvua ikiwa kubwa na ardhi ikiwa imepigwa na kwato, imekauka au imebaki uchi baada ya mabua kuchomwa, maji hayapati nafasi ya kuzama. Hutiririka juu ya ardhi, hukusanya kinyesi na majani, kisha huingia moja kwa moja katika kijito. Ghala limefunguliwa, na mali imekwenda mahali isipohitajiwa.

PUMZI YA SAMAKI

Ili kuelewa hasara inayotokea majini, ni lazima kuelewa namna samaki anavyopumua. Hewa anayoivuta binadamu ina oksijeni nyingi. Maji yana kidogo sana. Katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, ambao uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lita moja ya maji ya vuguvugu iliyojaa oksijeni kadiri inavyoweza hubeba takribani miligramu 7 tu. Lita moja ya hewa ina zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho. Samaki anaishi kwa akiba ndogo isiyo na ziada.

Mabaki mengi yakiingia majini, bakteria hupata karamu. Huongezeka upesi, na katika kuyala mabaki hayo huitumia oksijeni ileile anayoitegemea samaki. Mto wenye mawimbi na maporomoko hurudisha oksijeni kutoka hewani. Maji yaliyotuama, au yaliyofunikwa na gugu maji na mafunjo, hurudisha polepole. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hushindwa kustahimili. Sangara huathirika mapema kwa kuwa huhitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Kamongo, ambaye huja juu kuvuta hewa, aweza kuendelea kuishi mahali ambapo wengine wamekufa. Hali huwa mbaya zaidi alfajiri, kwa sababu usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali nayo huitumia.

Ni vyema kuzingatia jambo hili: samaki waweza kufa kwa wingi bila sumu hata tone moja kumwagwa mtoni. Kukosa pumzi kwatosha.

MTO MARA, MACHI 2022

Mwezi Machi 2022, maji ya Mto Mara katika eneo la Kirumi, karibu na mto unapoingia Ziwa Victoria, yaligeuka kuwa meusi na samaki wengi wakaonekana wakielea wamekufa. Habari hizo ziliwatia hofu wananchi wa Butiama, Rorya, Tarime na Musoma, ambao mto huo ni kisima chao, kitoweo chao na mnyweshea mifugo wao. Serikali iliunda kamati ya kitaifa iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele kuchunguza chanzo. Taarifa iliyotolewa mwezi huohuo ilieleza kuwa kuoza kwa mimea, pamoja na kinyesi na mikojo ya mifugo mingi katika ardhioevu ya mto, kulipunguza oksijeni katika maji.

Wananchi wengi waliipokea taarifa hiyo kwa mashaka. Ng'ombe wamekunywa maji ya mto huo tangu enzi za mababu. Iweje leo kinyesi chao kiue samaki? Katika mkoa wenye uchimbaji wa dhahabu, mkubwa na mdogo, macho ya wengi yalielekea migodini. Swali hilo ni halali na linastahili jibu linaloeleweka, si kukemewa.

Sehemu ya jibu inapatikana katika mto uleule, upande wa juu. Mto Mara una urefu wa takribani kilomita 395. Unaanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia katika ardhioevu kubwa ya mafunjo kabla ya kufika ziwani. Ndani ya Maasai Mara wamo viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hukaa majini. Watafiti walikadiria kuwa viboko hao huingiza katika mto na vijito vyake takribani tani 36 za kinyesi kila siku. Watafiti haohao walikadiria pia kuwa nyumbu wapatao 6,250 kwa wastani huzama katika mto huo kila mwaka wakati wa kuvuka, na mizoga yao huozea humohumo.

Mwaka 2018 watafiti, wakiongozwa na Christopher Dutton, walichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya vipimo. Kiangazi mto unapopungua, kinyesi hujikusanya katika vidimbwi vya viboko, na maji ya chini ya vidimbwi hivyo huishiwa oksijeni kabisa. Mvua kubwa ikinyesha ghafla, maji hayo husukumwa kwa mkupuo kuelekea chini. Vipimo vilionyesha oksijeni ya mto ikiporomoka saa chache baada ya mkupuo kupita, na mara kadhaa samaki walikufa kwa wingi. Jambo hilo lilitokea ndani ya hifadhi, mahali pasipo na mgodi.

Kwa hiyo kinyesi kinaweza kuua samaki, na hilo si hadithi. Wala si ajabu kwamba kiliwahi kutovurugwa mto kwa vizazi vingi na baadaye kikauvuruga, kwani yanayoamua ni wingi na wakati. Mifugo michache iliyotawanyika katika bonde pana si sawa na makundi makubwa yaliyobanwa katika ardhioevu wakati wa ukame, mahali ambapo samadi ya miezi mingi husubiri mvua moja.

Hata hivyo, ukweli huo haupaswi kugeuzwa kuwa ruhusa kwa uchafuzi wa aina nyingine. Mabaki yaliyoyeyuka yana tabia ya kushikamana na metali. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu, ikifika majini, hushikana na mabaki hayo na kusafiri nayo mbali. Ikifika katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki na kuzidi kujikusanya kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Maji yenye samadi nyingi na maji yenye zebaki hayapingani; yanaweza kuwa maji yaleyale. Kinachotenganisha dhana na ukweli ni kipimo.

Na kipimo kina saa yake. Oksijeni hupimwa papo hapo, mtoni, kwa kifaa. Chupa ya maji iliyochotwa leo na kufika maabara keshokutwa haiwezi kusema oksijeni ilikuwa kiasi gani samaki walipokufa, kwa kuwa bakteria huendelea kuila ndani ya chupa, au hewa huingia. Taarifa ikichelewa siku mbili, ushahidi mkubwa unakuwa umekwenda na maji. Mwananchi anayetoa taarifa asubuhi ileile ndiye anayewawezesha wataalamu kulijibu swali bila kubahatisha.

KWA NINI SOMO HILI NI LA NYASURA

Nyasura haiko kando ya Mto Mara, lakini iko katika bonde la ziwa lilelile. Maji ya bomba ya Mji wa Bunda huvutwa kutoka Ziwa Victoria katika chanzo cha Nyabehu. Upande wa kusini wa Bunda, mito ya Rubana na Grumeti huelekea Ghuba ya Speke, ikibeba yaliyomo katika malisho na mashamba ya njiani. Kaya ambazo hazijafikiwa na bomba, au zinazokosa maji kwa siku kadhaa, hutegemea malambo, visima vifupi na maji ya mvua. Huko ndiko mabaki yaliyoyeyuka yanapokutana na kikombe cha mtoto.

NDANI YA NDOO YA MAJI YA KUNYWA

Dawa ya maji, iwe ya vidonge au ya maji, huwa na klorini. Klorini huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini klorini haichagui adui. Ikikutana na mabaki yaliyoyeyuka, hupambana nayo kwanza na kumalizika humo. Ndoo mbili zaweza kutiwa kipimo kilekile; ile yenye maji maangavu ikawa salama, na ile yenye maji ya rangi ya chai ikabaki na vijidudu hai. Mama aliyeweka dawa kwa uaminifu anashangaa watoto kuendelea kuhara, na hatimaye anaiona dawa haina kazi. Dawa ina kazi, imeishia kwingine.

Lipo jambo la pili. Mwaka 1974 mwanakemia Johannes Rook wa Uholanzi alionyesha kuwa klorini ikichanganyika na mabaki yaliyoyeyuka hutengeneza kemikali nyingine ambazo zikinywewa kwa wingi kwa miaka mingi si nzuri kwa afya. Tangu hapo mitambo ya maji duniani hujitahidi kuyaondoa mabaki kwanza, ndipo klorini iwekwe. Hili lisimfanye mtu yeyote aache dawa ya maji. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuwa madhara ya kunywa maji yasiyotibiwa ni makubwa na ya haraka kuliko madhara ya kemikali hizo. Funzo ni moja: safisha kwanza, tibu baadaye.

Utaratibu wa nyumbani ni huu:

1. Chagua chanzo bora kilichopo. Maji ya bomba, ya kisima kirefu au ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yatangulie kabla ya maji ya lambo. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe bati na ipite.

2. Acha maji yatuame katika chombo kilichofunikwa, ikiwezekana usiku mzima, kisha yamimine taratibu katika chombo kingine bila kutibua mashapo.

3. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Kitambaa hakiondoi rangi, lakini hupunguza kazi ya hatua zinazofuata.

4. Maji yakiwa bado na rangi au ukungu, mashapo yanaweza kukusanywa kwa shabu, kitu kilekile kinachotumika katika mitambo ya kusafisha maji. Afisa Afya wa Kata aulizwe kuhusu kipimo. Mbegu za mlonge zilizokomaa na kusagwa nazo hukusanya tope, ila zina sharti: mbegu zenyewe huacha mabaki yake majini, hivyo maji hayo yatumike siku hiyohiyo, yasiwekwe akiba.

5. Chemsha hadi maji yatokote sawasawa, au weka dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Lebo ikielekeza kipimo tofauti kwa maji yasiyo maangavu, kifuatwe hicho. Subiri dakika 30. Harufu hafifu ya dawa baada ya muda huo ni dalili kwamba klorini imebaki. Isipokuwapo harufu yoyote, huenda imemalizwa na mabaki.

6. Kuanika maji juani katika chupa angavu kwa saa 6 za jua kali hufaa kwa maji maangavu pekee. Maji ya rangi ya chai huuzuia mwale wa jua usifike ndani, kama pazia dirishani.

Ikumbukwe pia kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi mabaki yaliyoyeyuka, chumvi wala zebaki. Maji yanayoshukiwa kuwa na kemikali za machimboni au dawa za pamba hayatengenezwi kwa kuchemshwa. Chanzo chake huachwa hadi kipimwe.

KUREJESHA MALI SHAMBANI

Yote yaliyosemwa hadi hapa yana upande wa pili wenye faraja. Kitu kilekile kinachomkosesha samaki pumzi ndicho kinachokosekana katika mashamba mengi yaliyochoka. Samadi inayosombwa kutoka zizini ni mbolea ambayo mkulima baadaye ataitafuta dukani kwa fedha. Kuilinda mito na kuinua mavuno, katika jambo hili, ni kazi moja.

Zizi lijengwe mbali na kijito na kisima, mahali palipoinuka, na lizungukwe na mfereji mdogo unaozuia maji ya mvua kupita ndani yake. Samadi isiachwe ikisubiri vuli. Ikusanywe wakati wa kiangazi katika lundo au shimo, ichanganywe na mabua, majani na majivu kidogo, inyunyiziwe maji kidogo, ifunikwe kwa nyasi au turubai na kugeuzwa kila baada ya wiki chache. Baada ya miezi miwili au mitatu huwa mboji nyeusi isiyonuka. Mboji iliyoiva huyashika mabaki na virutubisho vizuri zaidi kuliko samadi mbichi, ambayo mvua moja huiosha na pia huweza kuunguza miche.

Shambani, mboji iwekwe katika mashimo ya kupandia na kufunikwa kwa udongo, badala ya kumwagwa juu. Kwenye mteremko, matuta yakingamane na mteremko, na pembezoni mwa shamba pachwe ukanda wa majani yanayokamata maji. Mabua yasichomwe. Udongo wa kichanga hufaidika zaidi kwa mboji kwa kuwa hushikilia unyevu. Udongo mweusi wa mbuga hulainika na kuacha kupasuka sana. Kwa wenye visima vifupi, tahadhari ni ileile: lundo la samadi au choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini yake, kwa sababu pamoja na mabaki, ardhi iliyoelemewa na samadi hupitisha naitreti, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo.

Sheria nayo iko upande wa mito. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mwambao wa maziwa. Mita hizo 60 si ardhi iliyopotea. Majani, matete na miti iliyoachwa hapo hupunguza mwendo wa maji ya mvua, huyapa nafasi ya kuzama, na kuuacha udongo ufanye kazi yake ya kuyashika mabaki kabla hayajafika majini. Mifugo inyweshwe katika mabirika au kwenye njia maalumu, isiachwe ilale mtoni.

UKIONA SAMAKI WAMEKUFA AU MAJI YAMEGEUKA

Mwananchi atakayeona samaki wengi wakitweta juu ya maji, wamekufa, au maji yamegeuka rangi na harufu ghafla, anapaswa kutoa taarifa saa hiyohiyo kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Afisa Mtendaji wa Kata, ili ifikishwe kwa wataalamu wa Halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ataje mahali, saa, rangi, harufu, aina ya samaki waliokufa na waliosalia, na kama mvua ilinyesha usiku uliotangulia. Samaki hao wasiokotwe kwa kitoweo wala kupelekwa sokoni, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha aliyekosa pumzi na aliyekufa kwa sumu. Mifugo izuiwe kunywa maji hayo hadi majibu yatolewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA MTAA

1. Maji ya mvua yanayopita katika mazizi ya mtaa huu huishia wapi? Ni kijito, lambo au kisima gani kinachoyapokea?

2. Ni kaya zipi hutumia maji ya rangi ya chai wakati bomba halitoi, na zinayatibu kwa hatua zipi?

3. Samadi inayotoka katika mtaa kwa kiangazi kimoja ingetosha kurutubisha mashamba mangapi kama ingehifadhiwa kabla ya mvua?

Majibu ya swali la kwanza yaandaliwe mapema, kabla ya vuli. Mfereji unaochimbwa mwezi wa tisa hugharimu jembe na asubuhi moja. Mvua ikishafungua ghala, hakuna jembe linaloweza kuirudisha samadi kutoka ziwani.